Gari likivuta upande, usikimbilie mashine ya alaimenti

Watu wa pwani wanaokwenda Kericho na Bomet si haba. Kuna wanaofuata chai yenyewe, maana mnada wake uko hapa Mombasa na wenye biashara hiyo hutaka kuona inakotoka. Kuna wanaopeleka wagonjwa hospitali ya Tenwek, na kuna walioajiriwa huko. Wengi huenda na magari yale yale tunayoendesha Nyali na Likoni, ila kabla ya safari huyainua: spesa kwenye springi, shokabsoba mpya, tairi kubwa kidogo, na mwenye pesa zake huweka na disiki kubwa za breki. Sababu naielewa. Njia za ndani kuelekea vituo vya kununulia majani ya chai ni udongo mwekundu, na mvua huko hunyesha karibu mwaka mzima. Gari la chini huburura tumbo.

Taabu huanza baada ya hapo. Gari linavuta kushoto, usukani umekaa upande ilhali gari linakwenda sawa, na tairi mpya zinalika upande wa ndani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayepeleka vipuri vya mitambo kwenye viwanda vya chai vya upande wa Litein na Bomet, aliniletea gari la namna hiyo. "Ami, nishalipa alaimenti mara tatu," akaniambia. Nilisomea ufundi wa magari, diploma yangu bado iko ukutani, kwa hivyo watu huniletea mambo haya hata siku ya Ijumaa nikitoka msikitini.

Kwanza tuelewe kwa nini kuinua gari kunaharibu mwelekeo wa magurudumu. Mkono wa chini unaoshika gurudumu na tairodi inayoligeuza, kila kimoja kinazunguka kwenye duara lake. Ukipandisha bodi, mkono unashuka kwa pembe moja na tairodi kwa pembe nyingine, na magurudumu ya mbele yanageuka kidogo, yote mawili kwa ndani au kwa nje. Macho hayaoni. Tairi inaona. Gurudumu lililogeuka digrii moja tu huburutwa kando kiasi cha mita 17 kwa kila kilomita. Kutoka Mombasa hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700, basi ni kama umeikwaruza tairi hiyo kwenye lami kilomita 12.

Lakini mashine ya alaimenti hupima pembe tu. Haijui kama breki imekwama.

Ndiyo maana mimi huanza barabarani, mahali tambarare pasipo magari. Likivuta bila kugusa breki, badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto, mradi si zile zenye mshale wa upande mmoja. Mvuto ukihama upande, ubaya uko kwenye tairi, na hela za alaimenti zimebaki mfukoni. Likivuta ukikanyaga breki tu, acha alaimenti kabisa. Tazama kalipa kama inateleza vizuri, na paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki. Ya yule kijana ilikuwa imejipinda walipofunga disiki mpya, basi gurudumu moja lilichelewa kushika na gari likakimbilia upande wa pili. Bushi ya mkono wa chini iliyokufa nayo huleta ugonjwa huo huo, kwa sababu ukikanyaga breki gurudumu hurudi nyuma.

Hili si la kufanyia mzaha kule. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na miteremko yake ni mirefu. Breki zinapata moto kabla hujafika chini. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliacha njia likaingia kwenye watu na magari, wakafa zaidi ya watu 50. Sisemi lile lilikuwa jambo la alaimenti. Nasema barabara ile hupitwa na mama mchuuzi kando na matatu iliyojaa mbele yako, na gari linalokwenda upande linapofunga breki halina pa kwenda ila kwao.

Breki zikishakuwa sawa, pandisha jeki utikise kila gurudumu. Boljointi au tairodi yenye mchezo ibadilishwe kwanza. Halafu jambo ambalo mafundi wengi hulipita: bolti za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake. Ukizikaza gurudumu linaning'inia, mpira unajifunga kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari unajisokota, bodi inakaa vibaya, na baada ya muda mfupi bushi inapasuka. Hapo ndipo alaimenti tatu za yule kijana zilipopotelea.

Sasa nenda kwenye mashine. Upepo wa tairi uwe sawa, mzigo uwe ule unaobeba kawaida, magurudumu yote manne yapimwe, na usukani ufungwe katikati kabla tairodi haijaguswa. Taka karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Fundi akikwambia kemba, yaani gurudumu kuinama ndani au nje, haina pa kurekebishwa kwenye gari lako, huenda anasema kweli. Yako magari mengi ya hivyo, na dawa yake ni bolti maalumu za kemba au kupunguza urefu wa spesa. Spesa za kusukuma rimu nje mimi sizipendi hata kidogo. Huupa usukani mkono mzito kila breki inaposhika.

Ukishazunguka njia za udongo za Bomet kilomita mia kadhaa, kaza bolti tena na utazame tairi kwa kiganja, ukipapasa kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Ikikwaruza upande mmoja kama msumeno, magurudumu yamegeuka tena.