Mpiganaji Yupi Ungependa Kuwa?

Na Mwandishi Wetu wa Jeshini, Kigali

Upo mchezo mmoja wa mezani ambao vijana wa mataifa mengi wameucheza kwa zaidi ya miaka 50, na ambao, kwa maoni yetu, askari na polisi wangeuelewa upesi kuliko raia. Hauna ubao kama igisoro au bao, wala hauna mshindi. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa na karatasi iliyoandikwa sifa za mtu wa kubuni: nguvu zake, wepesi wake, akili zake, silaha zake, na kiasi cha majeraha anayoweza kuyastahimili kabla ya kuanguka. Mmoja wao hana mtu wake, kwani yeye ndiye mwamuzi. Huwaeleza wenzake mahali walipo, pengine mbele ya daraja lililovunjika au mlangoni mwa pango lenye adui, kisha huwauliza: mnafanya nini? Nao hujibu. Pale ambapo matokeo yana shaka, hurushwa dadu yenye nyuso 20.

Mchezo huo waitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax, aliyefariki mwaka 2008, na Dave Arneson, aliyemfuata mwaka 2009. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Ndugu zetu watauliza: mambo ya mapango na majoka yatuhusu nini sisi tulio kazini? Yatuhusu, maana mchezo huu ni mjukuu wa jeshi.

ASILI YAKE NI JESHINI

Mwaka 1812 Mprussia mmoja, von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake meza yenye vipande vya milima, mito na vijiji, ambayo juu yake vikosi viliweza kupigana bila mtu kumwaga damu. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akaitengeneza upya kazi ya baba na kuichapisha mwaka 1824: ramani badala ya vipande, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi wa kupokea amri za pande mbili na kusema kilichotokea. Mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, aliutazama mchezo huo mwanzoni bila shauku, lakini kabla ya kuisha alikuwa amekiri kwamba haukuwa mchezo bali mafunzo ya vita, akauagiza utumike jeshini. Baada ya Wajerumani kuwashinda Wafaransa mwaka 1871, majeshi mengine nayo yakauiga. Yeyote aliyepitia chuo cha uofisa na kusimama mbele ya meza ya mchanga, fimbo mkononi, akieleza jinsi platuni yake itakavyovuka mto, ameuonja mchezo wa Reisswitz, hata kama hakuambiwa jina lake.

Karne moja na nusu baadaye raia wa Marekani waliopenda historia walikuwa wakichezea vita kwa vinyago vidogo vya askari. Gygax na mwenzake mmoja walitoa kanuni za namna hiyo mwaka 1971. Arneson, huko Minnesota, akafanya jambo dogo lililogeuza kila kitu: badala ya kumpa mchezaji kikosi, alimpa mtu mmoja. Kamanda wa batalioni akawa ghafla askari mmoja mwenye jina, mwenye kuogopa, mwenye kuweza kufa.

Hapo ndipo ilipo tofauti yake na igisoro yetu. Katika igisoro kuna mashimo 32 na kete 64, na kete zote ni sawa. Ukiichukua hii au ile hakuna linalobadilika. Katika mchezo huu hakuna wawili walio sawa, na swali la kwanza ambalo mchezaji huulizwa, kabla hata ya kupewa upanga, ni hili: wewe ni mpiganaji wa namna gani?

AINA NA MATAWI

Mwaka 1974 aina zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu cha nyongeza kilichomleta mwizi, na kikampa mpiganaji tawi jipya la shujaa wa kiapo. Tangu hapo matawi yameongezeka kama ya mwembe. Kitabu cha mwaka 2014 kina aina 12. Toleo la mwaka 2024 limeipa kila aina matawi manne, jumla 48. Majina tunayoyatumia hapa ni tafsiri yetu wenyewe.

Waulize wachezaji ni tawi gani walipendalo, utazuka ubishi wa usiku kucha. Nasi tumeingia katika ubishi huo kwa kuwa tumeona kwamba mtu akitaja tawi alipendalo, huwa amekwisha kusema anadhani ushujaa ni kitu gani.

Wengi huanza na Bingwa. Mpiganaji wa kawaida hupiga pigo la kuvunja mifupa dadu ikionyesha 20 tu. Bingwa hulipiga ikionyesha 19 au 20. Nafasi yake imetoka 5 kwa mia hadi 10 kwa mia. Basi, habari yake karibu imekwisha. Hapangi, hashauriani, anapiga. Kila kombania inaye mtu wa namna hii, na siku ya mashindano ya kuvuta kamba hatuna neno naye.

Wa pili ni Fundi wa Vita, na huyu yatupasa kukaa naye kidogo. Amepewa dadu nne za nyuso nane, ambazo huzitumia kwa mbinu alizojifunza: kumwangusha adui, kumpokonya silaha, kumtia hofu. Akizimaliza, hazirudi mpaka apumzike. Tayari hilo ni somo, kwani ni hesabu ya risasi. Lakini mbinu moja yatuvutia kuliko zote. Fundi anaweza kuacha pigo lake mwenyewe, akampa ishara mwenzake aliye mahali pazuri zaidi, na mwenzake huyo akapiga papo hapo, nguvu za dadu ya Fundi zikiongezwa juu ya pigo lake. Katika karatasi ya mchezo huo ni mstari mmoja tu. Kwa koplo aliyewahi kuongoza seksheni, hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuinamisha bunduki yako, kuinua kichwa, na kutazama ni nani anayeweza kufyatua vizuri kuliko wewe.

Lipo tawi jingine, la kitabu cha mwaka 2015, ambalo wachezaji wengi hulidharau na kuliita dhaifu. Tumlite Shujaa wa Joka la Zambarau. Kila mpiganaji anaweza, mara moja kabla ya mapumziko, kujikaza na kurudisha sehemu ya uhai wake. Huyu ajikazapo, wenzake watatu wanaomwona au kumsikia, wakiwa ndani ya futi 60, nao hurudishiwa uhai kwa kiasi cha daraja lake. Akiwa wa daraja la 10, ni pointi 10 kwa kila mmoja, jumla 30. Wanaomdharau husema hakuongezewa nguvu hata chembe katika mkono wake mwenyewe. Ni kweli. Walakini tungependa kuwauliza wao wamewahi kuwa wapi usiku wa tatu wa doria, mvua inanyesha, chakula kimechelewa, halafu sajini mmoja, naye amechoka kama wewe, akasimama. Hakukupa risasi mpya. Lakini ulitembea.

Mpanda Farasi wa mwaka 2017 hatumwachi kabisa, kwa sababu moja: adui aliyekwisha kupigwa naye, akiwa bado karibu yake, hupata taabu kumpiga mtu mwingine yeyote. Kwa lugha nyepesi, anasema: shughulika na mimi.

KIAPO

Shujaa wa kiapo anapendwa sana, na tunaelewa kwa nini. Huyu si mtu wa mshahara. Ameapa, na nguvu zake zatoka katika kiapo hicho. Kanuni za mwaka 1975 zilikuwa kali: akitenda tendo lolote la upande wa vurugu, kinyume cha utaratibu, ushujaa wake unamtoka mara moja, wala haurudi tena. Matoleo ya baadaye yamelegeza. Sisi twaupenda ukali wa zamani, na tunadhani askari yeyote aliyewahi kuinua mkono wake mbele ya bendera ataelewa.

Kitabu cha mwaka 2014 kinampa viapo vitatu vya kuchagua, na kimojawapo ni kiapo cha kisasi. Vijana hukikimbilia, maana kinampa mtu uwezo wa kumwandama adui mmoja mpaka mwisho. Mahali pengine pa dunia hilo ni burudani tu. Hapa Kigali neno kisasi lina uzito mwingine. Jeshi lililoingia katika mji huu mwezi Julai 1994 lilikuwa na askari waliokuta nyumba za wazazi wao zimenyamaza. Kuwazuia watu hao wasilipize ilikuwa kazi ya makamanda na ya mahakama, na ilikuwa kazi ngumu kuliko mapigano mengi. Kwa hiyo tukiona kijana anakichagua kiapo hicho mezani hatumkatazi, lakini tunamuuliza mtu wake anaandama nani, na ataacha lini.

Kwa ndugu zetu wa polisi liko tawi la mwizi liitwalo Mdadisi, la mwaka 2017. Wasichukizwe na ukoo huo. Ustadi wa kufungua kufuli ni mmoja kwa pande zote mbili za sheria. Mdadisi akitaka kujua kama mtu anasema uongo, dadu yake ikionyesha 7 au chini yake, huhesabiwa kuwa ni 8. Yaani hakuna siku ambayo anakuwa mpumbavu kabisa. Polisi wa zamu anayesikiliza maelezo saa tisa ya usiku angeipenda sana kanuni hiyo.

MASHUJAA WETU WALIVYOPANGWA

Kuwapanga wapiganaji kwa matabaka si jambo geni nchini Rwanda. Katika majeshi ya wafalme, kijana aliingia itorero, akafundishwa pamoja na wenzake, akajitungia icyivugo chake, majigambo ya kutaja jina lake la vita na matendo yake. Huo nao ulikuwa uchaguzi wa mtu utakayekuwa. Halafu ilikuja hesabu. Kwa desturi, aliyeua maadui saba alipewa umudende; aliyefikisha 14 alivikwa impotore; na aliyefikisha 21 alifanyiwa sherehe ya gucana uruti, kuchoma mpini wa mkuki. Ni ngazi ya Bingwa hasa.

Leo ngazi ni nyingine. Mashujaa wa taifa, wanaokumbukwa kila tarehe 1 Februari, wamewekwa katika matabaka matatu: Imanzi, Imena na Ingenzi. Katika Imanzi yumo Askari Asiyejulikana, na Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema aliyeuawa tarehe 2 Oktoba 1990. Katika Imena hesabu ya waliouawa haina kazi tena. Yumo Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, ambaye kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha watu aliokuwa amewaficha, akauawa pamoja nao mwezi Aprili 1994. Wamo wanafunzi wa Nyange, walioamriwa na wavamizi usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wajitenge Wahutu kwa Watutsi, wakakataa. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika silaha.

Wapiganaji wa mezani humcheka sana Mghani. Yeye huimba, husema maneno mazuri, huomba njia. Tawi lake moja, lililochapishwa mwaka 2020, ni la ufasaha: anaposhawishi au kudanganya, dadu ikionyesha 9 au chini yake, huhesabiwa kuwa ni 10. Nasi tulimcheka, mpaka tulipomfikiria Kapteni Mbaye Diagne.

Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa hapa Kigali mwaka 1994, asiye na silaha. Tarehe 7 Aprili, baada ya Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana kuuawa, aliwachukua watoto wake na kuwapeleka mafichoni. Kisha akaendelea, siku hadi siku, kuwapitisha watu wachache wachache ndani ya gari lake. Katika kila kizuizi palikuwa na wauaji wenye mapanga, naye alikuwa na mdomo wake, kicheko chake na sigara za kugawa. Mia kadhaa ya watu waliokoka kwa njia hiyo. Kila kizuizi kilikuwa dadu moja, na barabarani hapakuwa na kanuni ya kuigeuza 9 kuwa 10.

Tarehe 31 Mei 1994, akiwa amesimamishwa kwenye kizuizi, bomu lilianguka karibu na gari lake, na kipande chake kikamuua. Zilikuwa zimebaki siku 12 tu arudi kwao. Mwaka 2010 Rwanda ilimkabidhi mjane wake nishani ya Umurinzi. Tarehe 8 Mei 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2154, lilianzisha nishani ya ujasiri yenye jina lake. Wanaoweza kutunukiwa ni askari, polisi na raia walio katika kazi za Umoja huo.