Udongo Uwahi Ungali Maji

Watu wengi wakitaja kandanda ya Bara Hindi huanza na kumalizia Kolkata, wala si ajabu, maana Mohun Bagan na East Bengal ni miamba ya tangu zamani. Leo twamwelekeza msomaji kwenye mji mwingine, mji wa wafanya kazi, uitwao Jamshedpur, katika jimbo la Jharkhand.

Mahali pale palikuwa kijiji cha Sakchi, karibu na mito Subarnarekha na Kharkai ikutanapo. Kampuni ya Tata, iliyoundwa mwaka 1907, ilijenga hapo kiwanda chake, na mwaka 1912 chuma cha pua kikaanza kutoka. Wakulima wakageuka watu wa tanuru. Haki zao hawakuzipata kwa hisani tu: waligoma mwaka 1920 na tena mwaka 1928, na Subhas Chandra Bose mwenyewe akaja kukiongoza chama chao.

Katika mji huo, mwaka 1987, kampuni ilifungua chuo cha mpira, Tata Football Academy. Vijana huchaguliwa kutoka pembe nyingi za nchi wangali wadogo. Hupewa malazi na chakula, hufunzwa mchezo kila siku, na masomo ya darasani hayaachwi. Humo walitoka Renedy Singh, Mahesh Gawli, Subrata Paul na wengine wengi walioichezea timu ya taifa.

Lakini kwa miaka 30 mji huo ulilima ili wengine wavune. Tumtazame Carlton Chapman, kijana wa Bangalore. Alipohitimu alikwenda East Bengal, kisha JCT, klabu ya kiwanda cha nguo cha Phagwara, Punjab. Pamoja na Bhaichung Bhutia na I. M. Vijayan aliiwezesha JCT kuwa bingwa wa kwanza wa Ligi ya Taifa, msimu wa 1996-97. Iko wapi JCT leo? Mwaka 2011 wenye mali waliifunga, na mashabiki wakabaki na kumbukumbu.

Jamshedpur ilipata klabu yake katika ligi kubwa mwaka 2017, nayo ni Jamshedpur FC. Tarehe 7 Machi 2022 iliishinda ATK Mohun Bagan kwa bao 1-0, bao la Ritwik Das, ikamaliza msimu na pointi 43, ikatwaa Ngao ya ligi. Katika kikosi kile alikuwamo Pronay Halder, mwanafunzi wa zamani wa chuo. Mavuno yalikuwa yamerudi shambani.

Msomaji atauliza: je, Jamshedpur nayo si mali ya kampuni, kama JCT ilivyokuwa mali ya kiwanda? Ndiyo, na hatari hiyo yafaa isemwe waziwazi. Klabu ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja yaweza kufungwa asubuhi moja, hata ikiwa na makombe kabatini. Kwa hiyo yatupasa kupima klabu kwa kile kitakachobaki lango likifungwa.

Jibu latoka kwa Chapman huyo huyo. Alipoacha kucheza alirudi Jamshedpur akawa mwalimu wa chuo kilichomlea. Alifariki Oktoba 2020. JCT ilikwisha kufa, lakini aliyofunzwa alikuwa amekwisha kuyapokeza kwa wadogo zake, na hakuna mwenye mali awezaye kuyadai.

Basi, kila penye kiwanda, bandari au reli, na penye timu ya wafanya kazi, tujiulize kwanza: watoto wetu wanafunzwa na nani, na wapi? Mchezaji wa kununua huondoka na msimu wake. Mtoto aliyefunzwa vema hufunza wengine. Wazee walisema kweli: udongo uwahi ungali maji.