Makabati ya Benki Kuu ya Marekani na programu iliyosoma yaliyomo

Kwa miaka 17, watu wanaopanga riba ya dola walizungumza bila kujua kwamba maneno yao yote yanahifadhiwa. Kinasa sauti hakikuwa siri kwa wengi wao. Walichoamini ni kwamba makarani wakishaandaa muhtasari wa kikao, kanda inafutwa na mambo yanaishia hapo.

Na kanda zilifutwa kweli. Makarani wa Kamati ya Soko Huria, chombo cha Benki Kuu ya Marekani kinachoamua riba, walirekodi kikao kipya juu ya kile cha zamani. Ila kabla ya hapo walikuwa wameshachapa mazungumzo neno kwa neno, ili wapate pa kuanzia kuandika muhtasari. Karatasi hizo hazikutupwa. Zilirundikana mwaka baada ya mwaka katika makabati yaliyofungwa kwa ufunguo, kwenye korido ya ofisi ya mwenyekiti. Humo mlikuwa na kila kitu: hoja zilizokatizwa, maswali ya papo kwa papo, hata vicheko, vikiwa vimewekwa kwenye mabano.

Kamati ilikuwa imeacha kutunza kumbukumbu ndefu rasmi mwaka 1976, kwa kuhofia sheria za uwazi. Oktoba 1993 Henry González, mbunge wa Texas aliyeongoza kamati ya benki ya Baraza la Wawakilishi, akambana mwenyekiti wa Benki Kuu, Alan Greenspan. Siri ikatoka. Wiki chache baadaye Kamati ikakubali kwamba karatasi za zamani zitolewe kwa umma, na leo kumbukumbu za vikao hutolewa baada ya miaka mitano.

Wachumi watatu, Stephen Hansen, Michael McMahon na Andrea Prat, waliona hapo kitu ambacho mtafiti hukipata kwa nadra: kazi ileile, mwenyekiti yuleyule, na mwezi mmoja unaotenganisha waliosema bila kujua na waliosema wakijua. Wakachukua vikao vyote vya enzi ya Greenspan, kuanzia 1987 hadi 2006, karibu 150, wakavikabidhi kwa kompyuta.

Mbinu waliyotumia ilitangazwa mwaka 2003 na David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan. Programu haiambiwi mada ni zipi. Inapewa maneno, viunganishi vikiwa vimeondolewa na miisho imekatwa, kisha inatafuta yapi hupenda kuandamana. Penye mshahara huwa pana ajira na wafanyakazi. Penye mafuta huwa pana bei na nishati. Watafiti waliitaka itoe makundi 40. Baada ya hapo, kila kauli ya mjumbe inapimwa: kiasi gani ni mfumuko wa bei, kiasi gani ni mabenki, kiasi gani ni ukuaji wa uchumi. Majina ya mada hutolewa na binadamu. Mashine haijui hata maana ya dola.

Hoja ya Hansen na wenzake ni kwamba mjumbe mgeni ana mengi ya kupoteza kuliko mkongwe, kwa kuwa bado anajijengea jina. Kwa hiyo walilinganisha wageni na wakongwe, kabla na baada ya 1993. Katika sehemu ya kwanza ya kikao, ambapo hali ya uchumi hujadiliwa, wageni walianza kuja wamejiandaa vilivyo: mada nyingi zaidi, tarakimu nyingi zaidi. Sehemu ya pili, ya kujadili riba yenyewe, mambo yakageuka. Wageni haohao wakapunguza kuingilia mjadala na kuuliza maswali, na mada zao zikazidi kufanana na za Greenspan.

Nidhamu iliongezeka, na woga pia. Watafiti hao hawakuficha upande wowote. Katika makala waliyochapisha mwaka 2018 kwenye jarida la Quarterly Journal of Economics, walipima pia ni maneno ya nani yanayofuatwa na wengine baadaye. Wakakuta sauti ya wageni ilipata uzito zaidi baada ya 1993. Kwa hesabu yao, faida ya uwazi ilizidi hasara.

Lakini je, swali ambalo mjumbe alilimeza lina uzito gani? Programu huhesabu yaliyosemwa tu. Na kwa nini mada 40, si 20 wala 70? Aliyechagua ni mtu, na chaguo lake linaathiri kinachoonekana.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili haliko mbali. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge la Tanzania zimeandikwa kwa Kiswahili na ziko wazi kwa umma. Ila programu haiwezi kuhamishwa kwao hivihivi: zana zilizoundwa kwa Kiingereza hukata mwisho wa neno tu, ilhali kitenzi chetu hubeba mzigo mbele na nyuma, kama katika “hatukupandishiwa”. Ndiyo maana kazi hii inawataka wanaisimu na wanatakwimu wakae meza moja. Vyuo vikuu vyetu vina watu wa aina zote mbili. Waanze na mijadala ya bajeti, watuonyeshe maji, elimu na kilimo vimepewa nafasi gani mwaka hadi mwaka, na ni lini wabunge waliacha kuuliza.