Jalada la Muziki: Je, Kazi Yake Imekwisha?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli kabisa sokoni Gakoromone, ambako mkungu mzuri wa ndizi hauhitaji tangazo. Lakini je, wimbo nao hujiuza? Wimbo hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono. Mnunuzi hawezi kuuminya kama parachichi akajua umeiva. Kwa sababu hiyo, wauzaji wa muziki wameuvisha nguo tangu zamani ili mtu autamani hata kabla ya kuusikia. Nguo hiyo ndiyo jalada, au kava, kama tunavyoiita sisi vijana.

Siku hizi mambo yamegeuka. Hapa kwetu Kinoru, anayetaka wimbo haendi tena dukani kununua CD. Anautafuta kwenye simu, ama anapeleka flash kwa kijana mwenye kompyuta amjazie nyimbo mia kwa pesa kidogo tu. Kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kutia CD. Basi kuna wanaouliza: jalada la nini tena? Si lizikwe tu pamoja na CD yake? Makala haya yanajibu swali hilo. Nitaeleza jalada lilitoka wapi, tunapoteza nini likitoweka, na namna ya kulitengeneza vizuri hata kama huna pesa nyingi.

Lilikotoka

Santuri za zamani ziliuzwa ndani ya mifuko ya kaki au majalada matupu yasiyo na mchoro. Ilipofika mwaka wa 1940, kijana mmoja mchoraji, Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia huko Marekani, alianza kuchora picha juu ya majalada hayo. Wanunuzi wakavutiwa, na kampuni nyingine zikaiga. Mwaka 1948 Columbia ilitoa santuri kubwa ya dakika nyingi, yenye upana wa kama sentimita 30. Sasa mchoraji akawa na uwanja wa kuchezea.

Hapa Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti kidogo. Muziki wetu mwingi wa miaka ya 1960 na 1970 ulitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Aghalabu santuri hizo zilitiwa katika mfuko wa karatasi wenye nembo ya kampuni tu. Mfuko ule ule ulivishwa wimbo wa benga leo na wa twisti kesho. Habari zenyewe ziliandikwa kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri: jina la wimbo, bendi na mtunzi. Mjini Mombasa, kampuni ya Assanand ilitoa santuri za taarabu kwa nembo ya Mzuri.

Kisha zikaja kanda za kaseti, ambazo kampuni ya Philips ilizibuni mwaka 1963. Kanda ilikuwa rahisi kunakili, na nyumba nyingi hapa Meru na Embu bado zina kanda za kwaya na za waimbaji wa Kimeru na Kiembu ndani ya kabati. CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony. Huku kwetu ilienea baadaye sana, pamoja na ndugu zake VCD na DVD, na mtaa wa River Road jijini Nairobi ukawa kitovu cha biashara hiyo.

Hebu tupime kwa rula. Jalada la santuri kubwa lina eneo la sentimita za mraba 960 hivi. La CD, lenye upande wa sentimita 12, lina 144. Yaani mchoraji alinyang'anywa zaidi ya sehemu tano katika sita za shamba lake. Uso wa kanda ni kama sentimita 6 na nusu kwa 10, kwa hivyo ni 65 tu. Na leo, katika orodha ya nyimbo kwenye simu, picha ya albamu hailingani hata na stempu ya posta. Anayeusikia wimbo kupitia Skiza, akisubiri mwenzake apokee simu, haoni picha yoyote. Jalada lake ni nambari ya kubonyeza.

CD ilivyoanguka

Marekani ndiko hesabu zinakojulikana vyema. Mwaka 2000 ziliuzwa CD zaidi ya milioni 900 nchini humo. Mwaka 2022 ziliuzwa kama milioni 33, nazo santuri za zamani, ambazo watu walidhani zimekufa, zikauzwa kama milioni 41. Hapo santuri ilikuwa imeishinda CD kwa idadi kwa mara ya kwanza tangu 1987. Ni ajabu, sivyo? Kifaa kikuu kilimpiku mdogo wake. Sababu moja ni sauti, ndiyo, lakini sababu nyingine ni lile jalada kubwa ambalo mtu anaweza kulitundika ukutani.

Kwetu CD ilipigwa na adui wawili. Wa kwanza ni mtandao. Wa pili ni wizi wa kunakili, ule wa DVD ya hamsini kando ya barabara, yenye karatasi iliyofifia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilileta stika maalumu ya kubandikwa kwenye kanda na CD halali ili mnunuzi azitambue. Tanzania nayo ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013. Stika ni jambo jema, ila haiwezi kubandikwa kwenye wimbo unaoruka hewani kutoka simu hadi simu.

Hasara iliyo kubwa kuliko picha

Wengi wakililia jalada huililia picha. Mimi naona hasara kubwa zaidi iko kwa maandishi. Fungua kanda ya zamani nyumbani utoe karatasi ya ndani. Utakuta nyimbo za upande A na za upande B, jina la mtunzi, mpiga gitaa, studio, na sanduku la posta la kikundi. Sasa fungua flash ya matatu yoyote kwenye kompyuta. Utakuta "Track 01", "Track 02", "Track 03". Nani aliimba? Nani alipiga ngoma? Hakuna ajuaye.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jalada lilikuwa daftari la msanii. Msanii hulipwa mirabaha pale kazi yake inapojulikana ni yake. Wimbo ukichezwa redioni, iwe Muuga FM ama Wimwaro FM, na jina la mtunzi halijulikani, huyo mtunzi atalipwa na nani? Tazama wimbo Malaika. Dunia nzima inauimba na Fadhili William ndiye aliyejulikana nao sana, lakini hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Ikiwa wimbo mashuhuri namna ile una ubishi, je, wimbo wa mama wa Imenti au wa Mbeere aliyerekodi mara moja tu?

Kweli, siku hizi kila rekodi inaweza kupewa alama ya kimataifa ya herufi na tarakimu 12, na majina ya wahusika yanaweza kuandikwa ndani ya faili lenyewe. Lakini lazima mtu akae chini ayaandike. Mashine haitamjua mpiga ngoma wako usipoiambia.

Waliofanya jalada kuwa mali

Kuna waliotambua kwamba kama sauti inapatikana bure, basi wauze kile kisichoweza kunakiliwa kwa flash. Mfano bora uko hapa hapa Kenya. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoasisiwa na Tabu Osusa mwaka 2007, ilitoa kazi juu ya historia ya benga mwaka 2008. Haikutoa CD pekee. Ndani ya kasha moja waliweka CD ya nyimbo, DVD ya filamu ya mahojiano, na kijitabu cha maelezo na picha. Baadaye wakafanya vivyo hivyo kwa muziki wa Wakikuyu na kwa nyimbo za upinzani. Kasha kama hilo mwalimu wa historia anaweza kulitumia darasani. Mwizi anaweza kunakili nyimbo, lakini kijitabu kinampa taabu.

Huko Ufaransa, kampuni ya Buda Musique ilianza mwaka 2005 mfululizo uitwao Zanzibara, ambao toleo lake la kwanza lilihusu Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905. Huko London, Soundway ilikusanya rekodi 32 za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 na kuzitoa mwaka 2013 pamoja na picha na maelezo. Nyingi kati ya rekodi hizo zilikuwa zimetoka kwa santuri ndogo tu, zile za mfuko wa nembo. Inauma kidogo kuona kwamba historia yetu inavishwa nguo Ulaya na kuuzwa huko, lakini inatuonyesha kuwa wanunuzi wapo.

Bendi ya Radiohead ya Uingereza ilifanya mchezo mwingine mwaka 2007. Iliweka albamu yake kwenye mtandao na kuwaambia mashabiki walipe wanachotaka, hata sufuri. Wakati huo huo iliuza kasha lenye santuri mbili na CD kwa pauni 40, na watu walilinunua. Nao wapenzi wa BTS shuleni mwetu (mnajijua!) watakubaliana nami kwamba albamu ya Kikorea ni kitabu cha picha na kadi kabla ya kuwa CD. Albamu yao ya mwaka 2020 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 4. Hata hivyo tusiige kila kitu. Kuna mashabiki wanaonunua nakala kumi ili wapate kadi moja, halafu CD zinatupwa jalalani. Huo ni uchafu, si sanaa.

Kutengeneza lako

Tuseme kwaya yetu ama kikundi cha mashairi kimerekodi nyimbo tano kwa ajili ya tamasha la muziki. Tufanyeje?

Kwanza, anza na udogo. Tengeneza picha ya mraba yenye pikseli 3,000 kila upande, kipimo kinachotumiwa sana na wasambazaji wa mtandaoni. Kisha ipunguze mpaka iwe kama ukucha wa kidole gumba. Je, jina bado linasomeka? Kama halisomeki, punguza maneno na ukuze herufi. Sura moja hushinda umati wa watu thelathini waliojipanga kwa sare.

Pili, jihadhari na rangi. Skrini huchanganya mwanga wa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kwa hivyo kijani kinachong'aa kwenye simu huweza kufifia kwenye karatasi. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia. Acha pia milimita 3 za ziada kila upande, maana kisu cha kukatia hakipiti palepale kila mara.

Tatu, ukitaka kijitabu, panga kurasa kwa mafungu ya nne: 4, 8 au 12. Karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, kwa hivyo kijitabu cha kurasa 10 kitakuachia mbili tupu.

Nne, kwa bahasha ya CD, karatasi ngumu moja ya A4 inatosha. Kata kipande cha sentimita 26 kwa 16. Urefu ukunje katikati upate 13 na 13. Kwenye nusu moja bakiza masikio ya sentimita moja na nusu kila upande, na kwenye nusu nyingine uyakate. Kunja masikio, yagundishe, na bahasha imekwisha. Na kama wasikilizaji hawana mashine ya CD, chapa kadi yenye msimbo wa QR wa kuwapeleka kwenye nyimbo. Lakini usichape msimbo peke yake. Mtandao hufa na anwani hufutwa, ilhali karatasi hukaa. Andika maneno ya nyimbo, majina ya wote walioshiriki na mwaka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kila wimbo tunaousikia bure una watu nyuma yake, na jalada ndilo liliwataja. CD ikienda na iende, kama santuri ndogo na kanda zilivyokwenda. Jalada lisiende nayo. Wanachama wenzangu, likizo hii kila mmoja amwombe babu, nyanya au shangazi amwonyeshe kanda zake za zamani. Toa ile karatasi ya ndani, inakili yote kwenye daftari, halafu uirudishe mahali pake. Tukirejea muhula ujao, tutakuwa na orodha ya waimbaji wa Meru na Embu ambayo haimo kwenye flash yoyote.