Kalamu za Rangi za Spiriti: Nyumba ya Kipato cha Wastani Ichague Zipi?

Fedha ya kahawa ina wenyewe wengi. Kabla haijafika nyumbani huwa imekwisha kugawanywa: sare za shule, dawa, bati la paa, na deni la dukani. Mzazi wa Kayanga au Omurushaka, wa Nkwenda au Isingiro, akiona kimebaki kidogo, ndipo mtoto hutoa ombi lake: anataka kalamu za rangi, zile nene zenye ncha mbili, ambazo wenzake huzitumia kutia rangi picha na kutengeneza kadi za Idi. Naye mama wa nyumba, ambaye hukata maua ya karatasi na kupamba bahasha za zawadi kwa ajili ya harusi, hulisikia ombi hilo kwa hamu, maana kalamu hizo zingemfaa hata yeye.

Tumeona vema mwezi huu tulizungumze jambo hili, wala mtu asilidhanie kuwa ni dogo. Ndani yake mna mambo matatu ambayo nyumba ya Kiislamu haiwezi kuyapuuza: mali isipotee bure, twahara isitiwe mashaka, na afya ya watoto isidhurike.

Kwanza yafaa tujue kalamu hizi ni kitu gani. Kalamu za kawaida za watoto huwa na rangi iliyoyeyushwa katika maji. Hizi nyingine rangi yake imeyeyushwa katika alkoholi, yaani jamii ya spiriti. Alkoholi huruka upesi kuliko maji. Kwa hiyo rangi hukauka mara, wala karatasi hailowi ikakunjamana. Maji huvimbisha nyuzi za karatasi, na mtoto akirudia mahali pamoja mara tatu, karatasi huchubuka. Spiriti haiidhuru karatasi hivyo, na kabla haijakauka rangi mbili zaweza kuingiliana bila kuacha mpaka. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo sababu wachoraji huipenda.

Kalamu zenye jina kubwa kabisa katika aina hii ni Copic, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1987. Hizo hujazwa wino upya na kubadilishwa ncha, lakini bei yake ni ya mtu afanyaye uchoraji kuwa kazi. Nyumba ya kipato cha wastani haina haja nazo. Ziko nyingi za bei nafuu, hasa kutoka China, nazo zatosha kwa kadi, maua na picha za watoto, maadamu mnunuzi ajua kuchagua.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kupenda wingi. Tuseme, kwa mfano tu, kasha la kalamu 60 lauzwa shilingi 48,000, na kasha la kalamu 12 lauzwa shilingi 15,000. Mtu hupiga hesabu upesi na kusema: katika kasha kubwa kila kalamu ni shilingi 800, na katika dogo ni shilingi 1,250, basi kubwa ni rahisi. Lakini na tuulize: katika hizo 60, ni ngapi zitakazotumika kabla nyingine hazijakauka? Zikitumika 12 tu, basi kila moja imemgharimu shilingi 4,000. Urahisi ule ulikuwa wa macho tu.

Na historia yetu yatufundisha kuwa uzuri hauji kwa wingi wa rangi. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu na kuipamba kwa ustadi mkubwa, na rangi zao kuu zilikuwa nyeusi, nyekundu na njano. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mto Kagera, katika Rwanda ya mashariki iliyokuwa nchi ya Gisaka, kuna sanaa ya imigongo, ambayo hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Rangi zake za asili ni nyeusi, nyekundu na nyeupe; na kwa hizo chache mafundi wake hutengeneza mistari, pembe na miraba inayopendeza macho ya dunia nzima. Mapambo ya namna hiyo, ya mistari na majani na maandishi mazuri, yazifaa sana nyumba zetu, ambazo nyingi hujiepusha na sura za viumbe wenye roho.

Basi sisi twashauri kalamu 12, zilizochaguliwa kwa jozi: ya njano na ya chungwa, ya waridi na nyekundu, ya samawati na buluu iliyokolea, kijani kibichi na kijani cha giza, hudhurungi nyepesi na hudhurungi nzito. Hizo ni kumi. Ya kumi na moja ni nyeusi, na ya kumi na mbili ni ile isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kulainisha mipaka. Kila jozi hutoa mwanga na kivuli: tangulia na rangi nyepesi, kisha ongeza nzito pembeni kabla ya ya kwanza kukauka. Duka likikosa kasha lenye mpango huo, na wauza kalamu mojamoja, nunua mojamoja.

Kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akuruhusu kujaribu. Chora mstari na uangalie kama wino watoka sawasawa. Funga kifuniko, kisipobana vizuri, kalamu hiyo itakauka hata ikiwa haikutumika. Kisha ngoja dakika moja na upitishe kidole chenye maji juu ya mstari. Rangi ikitiririka, jua kuwa hiyo ni kalamu ya maji, hata kasha likisema nini.

Karatasi nayo ina sehemu yake katika gharama. Wino wa spiriti hupenya. Karatasi nyepesi ya chapa, ile ya gramu 80, hupitisha rangi hadi upande wa pili na kuchafua meza. Manila nyororo ni bora zaidi, na chini yake itandikwe karatasi kuukuu. Kwa maua na kadi, tia rangi kwanza, acha ikauke, ndipo ukate. Watoto waonywe wasizitumie kalamu hizi katika madaftari, wala kamwe katika kurasa za msahafu au juzuu, kwa kuwa alama yake haifutiki na huharibu maandishi ya nyuma. Hali kadhalika mbao za chuoni: wino wa masizi wa wazee wetu huoshwa kwa maji, bali huu haukubali. Mtu akikosea akaandika juu ya ubao mweupe wa darasani, apitishe juu ya maandishi hayo kalamu ya ubao huo, kisha afute mara moja.

Sasa twafika kwenye swali ambalo wazazi wengi huwa nalo moyoni: je, wino wenye alkoholi ni najisi? Uharamu wa kunywa ulevi hauna shaka, na aya ya 90 ya Suratul Maida iko wazi. Ama kuhusu unajisi wake, wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameihesabu khamri kuwa najisi. Wako wengine, miongoni mwao Layth bin Saad na Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi, walioona kuwa uharamu wa kuinywa haulazimishi unajisi wa dutu yake. Na katika zama hizi wanazuoni wengi hutofautisha khamri na alkoholi ya viwandani, isiyotengenezwa kwa kunywewa. Sisi hatukai mahali pa mufti. Kila nyumba na imwulize shekhe wake, na mwenye kubaki na shaka ana njia nyepesi: kalamu za maji, penseli za rangi na kreyoni zipo, na bei yake ni ndogo zaidi. Kuacha la shaka kwa ajili ya lisilo na shaka hakumpunguzii mtu kitu.

Lakini lisilo na hitilafu yoyote ni la usalama, na hapa twawasihi wazazi wasisikie kwa sikio moja. Spiriti hushika moto. Mtoto asipake rangi karibu na koroboi, mshumaa wala jiko. Akae penye dirisha lililo wazi au barazani, maana mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu chumbani huumiza kichwa. Na kijana aonekanaye kunusa kalamu kwa makusudi akanywe upesi kwa upole, kabla haijawa mazoea. Wako wanaoifufua kalamu iliyokauka kwa kudondosha matone mawili matatu ya spiriti kwenye ncha. Ufundi huo hufaa, lakini ni kazi ya mtu mzima, na chupa ihifadhiwe juu, mbali na watoto. Spiriti nyingine huwa na methanoli, ambayo ikinywewa hupofusha macho na hata kuua. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda.

Kalamu zenye ncha mbili zilazwe, zisisimamishwe, ili wino usiteremkie upande mmoja. Kazi iliyokwisha isitundikwe penye jua, kwa sababu rangi za namna hii hufifia. Mwenye kutengeneza kadi za kuuza amweleze mnunuzi jambo hilo waziwazi, kwani biashara ya Mwislamu haifichi aibu ya bidhaa.

Karagwe imezoea tangu zamani kupokea vitu vya mbali. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, wakileta nguo na shanga za rangi katika nchi ya Rumanyika, na wenyeji hawakupokea kila shanga iliyoletwa; walichagua. Nasi tuchague. Kalamu kumi na mbili zilizotunzwa, manila chache, na mama aketiye na wanawe barazani baada ya Alasiri, hiyo ni shule nzuri ya mikono na ya subira. Mwenyezi Mungu aibariki riziki yetu ndogo, na atujaalie kuitumia kwa akili. Amina.