Somo la Leo: Kompyuta na Projekta Bila Waya

Wanafunzi wapenzi wa Mbeya na Iringa, sauti yangu imewafikia bila waya, kwa mawimbi ya redio. Kompyuta nayo hupeleka picha kwenye projekta vivyo hivyo.

Kwanza, washeni projekta yenye Miracast, muiweke tayari kupokea picha. Jina lake litaonekana ukutani. Lisomeni.

Pili, washeni Wi-Fi ya kompyuta. Ikiwa ni ya Windows, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi K. Majina yatatokea.

Tatu, chagueni jina lile la ukutani. Mkiulizwa namba, andikeni ile mnayoiona ukutani.

Msinunue bando; kazi hii haihitaji intaneti. Lakini someni polepole. Mkikosea jina, huenda barua zenu zikasomwa na darasa la jirani.

Kwa herini.