Mauzo Yamepanda, Je, Faida Nayo? Kusoma Hesabu za Robo Mwaka za Kampuni ya Matunda

Vijana mnaolima parachichi kibiashara mnaniuliza sana swali hili: "Afisa, kampuni inayonunua mzigo wangu inauza sana, si ina hela? Kwa nini nisiwape mali kauli?" Kabla hujakubali kusubiri malipo, au kukopa ili uongeze ekari, jifunze kusoma hesabu. Leo tutumie mfano halisi.

Mission Produce ni kampuni ya parachichi yenye makao yake Oxnard, jimbo la California, Marekani. Hisa zake zipo kwenye soko la Nasdaq, kwa hiyo inatoa hesabu zake hadharani kila robo mwaka. Mwaka wake wa fedha unaisha 31 Oktoba, hivyo robo ya kwanza ni Novemba hadi Januari.

Hizi hapa ni hesabu za robo iliyoishia 31 Januari 2025:

- Mauzo: dola milioni 334.2 (robo hiyohiyo mwaka uliotangulia: milioni 258.7)
- Faida ghafi: karibu dola milioni 31.5
- Faida halisi: dola milioni 3.9

Usiishie mstari wa kwanza

Mauzo yamepanda kwa asilimia 29. Ukiishia hapo utasema jamaa wanaogelea kwenye hela. Sasa shuka chini. Faida ghafi ni kinachobaki baada ya kutoa gharama za kununua, kufungasha na kusafirisha matunda. Katika kila dola 100 za mauzo, zilibaki kama 9 tu. Toa tena mishahara ya ofisi, riba, kodi na mengineyo, inabaki dola 1 na senti 17 hivi.

Kwa nini? Kipindi kile parachichi kutoka Mexico zilikuwa chache, bei ikapanda. Bei ikipanda, mauzo yanavimba, lakini mnunuzi naye ananunua ghali.

Chukua mfano wa kwetu. Mnunuzi anakulipa shilingi 1,000 kwa kilo, anauza 1,200. Bei ikipanda, anakulipa 1,500, anauza 1,700. Mauzo yake yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 41, ila kilichobaki mkononi ni shilingi 200 zilezile. Na kwenye hiyo 200 bado hajalipa ofisi wala riba ya benki.

Linganisha robo na robo yake

Kampuni hii ina mashamba pia Peru, na matunda ya huko huuzwa zaidi nusu ya pili ya mwaka wake wa fedha. Ukilinganisha robo ya kwanza na ya nne unajidanganya. Linganisha na robo hiyohiyo ya mwaka jana, kama unavyolinganisha msimu na msimu.

Faida si pesa taslimu

Mzigo ukishauzwa unaingia kwenye hesabu hata kama mteja hajalipa. Kampuni inaweza kuonyesha faida huku haina hela ya kukulipa wiki hii. Tafuta mistari mitatu: pesa iliyopo, inachowadai wateja, na inachodaiwa na wengine. Wewe unayesubiri malipo upo kwenye huo mstari wa tatu.

Wanunuzi wetu wengi hawachapishi hesabu. Basi waulize wakulima waliouza msimu uliopita: walilipwa baada ya siku ngapi? Tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, na sehemu ya hela ipokee siku ya kupakia. Faida ya senti chache kwa kila dola ina maana kwamba kontena moja likiharibika njiani linaweza kumeza faida ya makontena mengi. Pengo hilo lisije likazibwa na jasho lako.

Na wewe fanya hesabu yako

Chukua daftari, kila miezi mitatu andika:

1. Mauzo yote.
2. Gharama za shamba: mbolea, dawa, maji, vibarua, usafiri. Jilipe na wewe pia.
3. Riba na marejesho ya mkopo.
4. Kilichobaki, na kati ya hicho, kiasi gani bado unadai.

Fanya hivyo kwa robo nne mfululizo. Ukienda benki au ukikaa na mnunuzi, utakuwa na namba zako mkononi, na uamuzi wa kuongeza ekari utatoka kwenye mstari wa nne, siyo wa kwanza.